Siti ya Mwinjilisti

Juzi aliingia dukani kwangu muuguzi mmoja anayekwenda kazini kwa baiskeli ya umeme. Alilalamika kwamba barabara ya kwao Olasiti inammaliza kiuno. Baiskeli yenyewe inakimbia vizuri, alisema, ila kila shimo analipokea yeye. Alikuwa ameambiwa kuna bomba la siti lenye springi ndani, linalobonyea na kurudi, na kabla sijamjibu akaliona moja limetundikwa kwenye msumari juu ya kichwa changu.

"Hilo hapo," akasema. "Nifungie hilo hilo."

"Hilo haliuzwi, mwanangu."

"Sasa umelitundika la nini?"

Nilimtafutia jingine jipya kwenye boksi, lakini kabla ya kumpa nilimuuliza ana kilo ngapi. Alinitazama kwa jicho baya. Ikabidi nimweleze kwamba springi haina adabu, haijui huyu muuguzi wala yule mkubwa, inajua uzito tu, na kwamba mimi nilijifunza jambo hilo kwa aibu mbele ya baba yangu mzazi. Akacheka, akanitajia kilo zake kwa sauti ya chini. Nikampimia tundu la fremu, nikamfungia, akawahi zamu yake. Habari ya lile la msumarini hakupata nafasi ya kuisikia.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa mtaa wetu, juu kule Umeruni, mwendo wa kupanda kutoka Tengeru. Mchungaji wa usharika wetu wa Kilutheri alikuwa na mitaa mingi, na kwetu alifika kwa zamu. Siku nyingine zote kazi ilikuwa ya baba. Aliombea wagonjwa, alizika, alipatanisha ndugu waliogombania mpaka wa migomba, na aliwasomea barua wazee ambao macho yao yalishachoka. Mara nyingine alikwenda kumwambia mama fulani kwamba mtoto wake wa Dar hajafa, amenyamaza tu. Yote hayo aliyafanya kwa baiskeli nyeusi ya Kichina aliyoipata kupitia chama cha ushirika, enzi zile kahawa ilipokuwa bado kahawa.

Halafu mgongo ukamkataa. Daktari alimwambia pingili za kiuno zimesagika, na kwamba kutembea ni ruksa lakini mitikisiko ya baiskeli aachane nayo kabisa. Baba aliitikia kwa heshima, akatoka nje, akapanda baiskeli akarudi nyumbani. Kwenye mawe alikuwa anasimama juu ya pedali ili asiguse siti. Zipo siku nilipanda kwenda kumwona nikamkuta amelala sakafuni kwenye mkeka, miguu juu ya kiti, anaandaa mahubiri akiwa ameishikilia Biblia juu ya uso wake kwa mikono miwili.

Mimi wakati huo nilikuwa na duka la vipuri vya baiskeli Levolosi, mjini. Siku moja ya gulio la Tengeru nilikutana na mzee wa kanisa wa mtaa wetu, mtu mpole, mwenye sauti kubwa ambayo hakuichagua mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nimekuwa nikikutafuta." Akanivuta pembeni, kwenye kivuli cha lori la ndizi. "Tunataka kumpumzisha baba yako. Si kwa ubaya. Tunamwona anavyoshuka kwenye ile baiskeli, tunaona haya. Usharika utatupa kijana mwenye pikipiki."

Nina hasira za karibu, hilo nalikubali. Nilimuuliza kama wamemuuliza baba mwenyewe. Akasema hapana, wanasubiri Sikukuu ya Mavuno, ndipo watatangaza. Nilimwambia maneno ambayo mtu hatakiwi kumwambia mzee wa kanisa, hasa sokoni. Hakukasirika. Akasema, "Akiweza kuendesha vizuri mpaka Sikukuu ya Mavuno, hakuna atakayetangaza kitu. Lakini aendeshe, binti yangu, asiwe anateseka mbele yetu."

Nilirudi mjini nikiwa na hofu. Milima ile haina njia nyingine. Kutembea kwa miguu nyumba hadi nyumba kungemchukua baba wiki nzima kwa kazi ya siku moja. Akiachishwa baiskeli, ameachishwa kazi. Mama alikuwa ameshatutangulia, na kitu kilichokuwa kinamwamsha baba asubuhi ni ile orodha ya watu wa kuwatembelea. Nikawa namwona akilini akikaa barazani na redio, akisubiri chakula, mwezi kwa mwezi, na nilijua asingemaliza mwaka. Sikuwa tayari kwa hilo.

Kuna sababu nyingine, na hiyo ni yangu mwenyewe. Nikiwa darasa la tatu nilianguka kutoka kwenye mparachichi nikavunjika paja. Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa umekonda na haukunjiki, na hospitali ikataka niletwe kila wiki kwa mazoezi. Baba ndiye aliyenipeleka, miezi mingi, kwenye keria ya baiskeli ile ile. Keria ni vyuma vitupu. Kila safari alivua koti lake, la pekee alilokuwa nalo, akalikunja mara nne, akaliweka pale ndipo akanipandisha. Asubuhi za Umeruni mwezi wa sita zina baridi ya kuuma meno, naye alikuwa anateremka nayo akiwa na shati tu. Kwenye mawe alipunguza mwendo akaniuliza, "Limekupata?" Nami nilikuwa najibu halikunipata, hata kama lilinipata, kwa sababu nilikuwa naona mgongo wake mbele yangu unavyotetemeka. Leo natembea bila kuchechemea, na watu wengi hawajui kwamba niliwahi kuvunjika. Nimemshukuru Mungu kwa hilo mara nyingi, lakini kwa haki kabisa shukrani nyingine zinakwenda kwa lile koti.

Basi nikaamua: kama mitikisiko ndiyo adui, nitaitafutia dawa. Na wakati ulikuwa mzuri. Zamani, ukitaka tairi moja ulihitaji barua, muhuri na mjomba. Sasa soko lilikuwa limefunguliwa, makontena yalikuwa yanashusha kila kitu ambacho Ulaya wamekichoka, na Daraja Mbili palikuwa na uwanja wa Mchaga mmoja aliyeuza baiskeli za mitumba. Nilikwenda na fundi wangu, yule aliyekuwa akifanya kazi kwenye baraza ya duka langu, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa.

Tulikuta baiskeli zimerundikwa, zimeshikana pedali na spoku kama kuku waliofungwa miguu pamoja. Tulipekua asubuhi nzima. Kwanza tulipata siti pana yenye springi mbili nene chini yake. Nikaikalia, ikalia kama mlango wa ghala. Nikafikiri baba anaingia msibani na kelele hizo, nikairudisha. Halafu kulikuwa na foronya za sponji za kuvalisha siti. Fundi akabonyeza moja kwa kidole gumba, kidole kikafika chini, akaitupa. Mwisho tukaona baiskeli ndefu ya mama wa Kizungu, imepinda uma wa mbele, haifai tena kwa safari, lakini bomba lake la siti lilikuwa na shingo nene ya mpira. Fundi aliegemeza kiganja akasukuma kwa nguvu. Bomba likazama, likarudi taratibu.

Nilipanda pale pale, fundi akinishikia. Niseme ukweli, nilikuwa tayari mwanamke wa mwili. Nilikaa, likazama nami kwa upole, nikainuka, likanisindikiza. Nilikuwa sijawahi kuona kitu cha maana namna hiyo maishani.

"Dada," mwenye uwanja akaniambia, "hilo unamchukulia nani? Hivyo vitu vimetengenezwa kwa watu wazito."

Nilimjibu kwamba nimeuza vipuri kabla yeye hajajua kutofautisha cheni na kamba ya mbuzi. Alicheka, akanifungia kwenye gazeti. Kama ningeuliza swali moja tu ningejiokolea aibu, lakini kuuliza hakukuwa tabia yangu.

Jumamosi, kesho yake ikiwa Sikukuu ya Mavuno, nilipanda na fundi hadi nyumbani. Baba alitupokea kwa chai na ndizi, akaliangalia lile bomba likiwa juu ya meza, akaligusa shingo yake ya mpira kwa kidole kama mtu anayegusa kichanga.

"Na hili linafanya nini?"

"Linakula mashimo, baba. Wewe unakaa tu."

Kazi ilianza vibaya. Bomba la zamani lilikuwa halijasogea tangu ushirika ulipoitoa ile baiskeli. Lilikuwa limeoana na fremu kwa kutu. Fundi alilimwagia mafuta ya taa, tukanywa chai, akaligonga, akalimwagia tena, tukanywa chai nyingine. Lilipotoka lilitoka kwa mlio uliowafanya kuku wakimbie. Jipya likaingia vizuri mno. Likazama mpaka chini lenyewe, linacheza. Lilikuwa jembamba kuliko tundu kwa unene wa ukucha.

Hapo fundi alitia mkono kwenye mfuko wake wa spana akatoa kopo la bia. Zilikuwa zimeanza kuingia wakati huo, bia za kopo, pamoja na vingine vyote. Akalikata kwa mkasi, akapata kipande cha bati laini, akakizungusha kwenye bomba, akajaribu, ikakamata. Kisha akakumbuka yuko kwa nani. Alikitoa tena kile kipande, akakigeuza ili picha na maandishi viangalie ndani.

"Mwinjilisti, sikunywa mimi. Niliokota."

"Sijakuuliza," baba akasema.

Siti ikafungwa. Baba akashikiliwa, akapanda, akakaa. Hakuna kilichotokea. Akajitikisa kidogo. Bomba likasimama kama nguzo ya umeme. Nikamwambia akae kwa uzito wake wote. Akasema hana mwingine zaidi ya huo. Nilimshusha kwa hasira, nikapanda mimi kumwonyesha inavyotakiwa, na bomba likazama chini yangu kwa utii wote, mbele ya fundi na baba yangu na kuku.

Baba akakohoa. "Naona limekuzoea wewe," akasema.

Fundi aligeukia upande wa migomba, mabega yanamtikisika. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana yule Mchaga wa Daraja Mbili alikuwa ameniambia, tena kwa lugha nyepesi. Baba alikuwa mwembamba, mtu wa chai na ndizi na milima. Kile kitu kilitengenezwa kwa mtu mara mbili yake.

Lakini fundi alipomaliza kucheka alilipindua bomba, akaona chini yake skrubu pana inayokandamiza springi, akaanza kuilegeza. Alilegeza kidogo, baba akakaa. Akalegeza tena. Mara ya tatu, karibu skrubu itoke, baba alipokaa bomba lilishuka kiasi cha kidole kimoja, likatulia. Halafu ikaonekana siti imekuwa juu, kwa kuwa ile shingo ya mpira ina urefu wake, na baba anagusa pedali kwa ncha za vidole. Tukashusha mpaka shingo ikakaa kwenye fremu. Hapo miguu ikafika.

Akaondoka. Mbele ya nyumba yetu kuna njia ya mawe inayokwenda hadi kona ya mgomba mkubwa. Nilisimama nikisikiliza. Hakusimama juu ya pedali. Alipita mawe yote akiwa amekaa, akapotea kwenye kona, akakawia mpaka nikaanza kupata wasiwasi, kisha akarudi akiwa amekaa vile vile. Aliposhuka alishuka kwa mguu mmoja kama zamani. Uso wake sitausahau.

"Sikuyasikia," akasema. "Mwanangu, yale mawe sikuyasikia."

Nikaona kazi imekwisha. Fundi akarudi mjini, mimi nikabaki ili niende kanisani na baba.

Asubuhi aliniambia anatangulia kuandaa ibada, kwa miguu, kwa kuwa kanisa ni karibu. Nilipomfuata nilikuta watu wameshajaa. Kanisa zima lilinuka ndizi mbivu na kahawa. Kila familia ilipita mbele na malimbuko yake, mikungu, mahindi, maziwa, mayai kwenye vikapu, jogoo mmoja aliyeingilia wimbo kila beti. Baba naye alipita akiwa na kitu kirefu kwenye gunia, akakiweka kati ya mikungu. Nilidhani ni muwa.

Kwetu sadaka ya mavuno haiishii madhabahuni. Ibada ikiisha vyote vinatolewa nje, vinapigwa mnada kwenye nyasi, na kinachopatikana kinakwenda kanisani. Na ukinunua kitu si lazima uondoke nacho. Unaweza kukirudisha kipigwe mnada tena, au ukamkabidhi mtu unayetaka kumheshimu. Yai moja linaweza kuuzwa mara tano kabla halijaona sufuria. Aliyekuwa akiendesha mnada ni yule yule mzee wa kanisa wa gulioni, na kwenye mfuko wa shati lake niliona karatasi iliyokunjwa. Sikuijali. Baba alikuwa anaendesha vizuri, basi.

Mzee akauza mikungu, akauza jogoo, akalifungua gunia.

"Na hapa tuna siti ya baiskeli na bomba lake," akasema kwa sauti yake ile, akiliinua juu. "Lina springi. Ni sadaka ya Mwinjilisti."

Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono kwenye mifuko ya koti, anaangalia viatu vyake. Hapo nikaelewa kwamba ile karatasi ni tangazo la kumpumzisha, na kwamba ameshajua na ameshakubali. Alikuwa amefungua siti yake alfajiri, kabla sijaamka, akaitoa.

Sijui kama nimewahi kukasirika vile. Nilisonga mbele na kitenge changu cha kanisani, nikataja bei ya kuwanyamazisha wote. Ilikuwa bei ya mtu wa mjini, ya majivuno, nami nilitaka iwe hivyo. Mzee akaanza kuhesabu, mara ya kwanza, mara ya pili, na nyuma yangu mtu akaongeza.

Niligeuka. Alikuwa bibi wa nyumba ya mwisho, ile iliyo juu kabisa, ukingoni mwa msitu, anayeishi peke yake na mbuzi wawili. Baba alimtembelea kila Alhamisi. Bibi yule hajawahi kupanda baiskeli maisha yake yote. Nikafikiri amechanganya, anadhani linauzwa jembe. Nikaongeza. Akafungua fundo la kanga yake, akachungulia, akaongeza. Nikaongeza tena, kwa sauti kali, na safari hii alichungulia kwenye fundo muda mrefu, akalifunga.

"Muongezee bibi," mwanamke mmoja akasema kutoka upande wa kwaya, akaenda akaweka noti mezani.

"Na mimi, kwa bibi," akasema mwanamume aliyekuwa amenunua jogoo. Akamrudisha jogoo mezani. "Muuze tena huyu, na kitakachopatikana kiwe cha bibi."

Wakaanza kuja. Walikuja watu waliozikiwa wazazi na baba, waliosomewa barua, na wale ndugu wawili wa mpaka wa migomba, kila mmoja kwa upande wake, wote kwa bibi. Mara ya kwanza nilidhani wanashindana na mimi, mwanamke wa mjini na pesa zake. Nilichukua muda kuelewa kwamba hawakuwa wakinitazama hata kidogo. Walikuwa wanamtazama baba. Nikafunga mdomo, jambo ambalo halinitokei mara kwa mara.

Bibi akapewa siti. Aliichukua kwa mkono mmoja, fimbo kwa mkono wa pili, akaenda nayo polepole mpaka mlangoni. Hakuwa na Kiswahili kingi. Alisema kwa Kimeru, na watu wote walisikia.

"Nyumba yangu ni ya mwisho. Wewe ukiacha kupanda, siku nikifa watajua kwa harufu. Chukua kiti chako uje Alhamisi."

Baba aliipokea kwa mikono miwili. Mzee wa kanisa aliitoa ile karatasi mfukoni, akaiangalia, akairudisha. "Tangazo lililobaki linaweza kusubiri," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

Nilikimbia nyumbani kuchukua baiskeli na spana. Niliikuta imeegemezwa ukutani nyuma ya jiko. Baba hakuwa amerudisha hata bomba la zamani. Tundu la siti alikuwa ameliziba kwa jani kavu la mgomba, limesokotwa vizuri, ili mvua isiingie kwenye fremu. Nililia pale, peke yangu, kwa sababu niliona jinsi alivyofanya kazi ile kwa uangalifu, bila kumlaumu mtu yeyote. Halafu nikalitoa lile jani, nikaikokota baiskeli mpaka kanisani.

Nilipiga magoti kwenye nyasi na kitenge changu, watu wamenizunguka. Bomba likaingia, likacheza.

"Kipande cha kopo kiko wapi?" nikauliza. "Baba, umekitupa?"

Baba akatoa mkono kwenye mfuko wa koti. Kilikuwa kimefungwa kwenye leso safi. Alinikabidhi, nacho kikajifungua mkononi mwangu, na picha ya bia ikawaangalia wazee wa kanisa wote. Mzee wa mnada alicheka mpaka akakaa chini.

"Siti umeitoa," nikasema, "na hiki kwa nini hukukitoa?"

"Kopo la bia madhabahuni, mwanangu?"

"Basi si ungekitupa."

Nilikuwa nakaza nati, sikumwona uso. "Nilikuwa nakishikashika mfukoni wakati wa ibada," akasema. Kisha akasema taratibu, mimi tu nisikie, "Maneno yenu ya sokoni yalinifikia. Nilidhani wamechoka nami, wanaona haya kuniambia. Nikasema nisiwasumbue."

"Na jana ulivyofurahi?"

"Nilifurahi sana. Ndiyo maana nikalitoa. Nisingetoa kibovu."

Nilikaza nati mpaka fundi angenigombeza. Sikuwa na hasira tena. Nilikuwa na shukrani nyingi mno, kwa wale watu wote waliosimama pale na mikungu yao, ambao nilikuwa nimewadhania vibaya kwa mwezi mzima.

Kutoka kanisani kwenda kwa bibi, njia ni tambarare mpaka kwenye kijito. Baba alimwangalia bibi na fimbo yake, akavua koti. Halikuwa tena lile la utoto wangu, lile liliisha zamani, lakini kukunja kulikuwa kule kule, mara nne, akaliweka kwenye keria. Nilipiga kelele, "Baba, mgongo!" na hakuna aliyenisikiliza. Bibi alipandishwa upande upande, akamshika baba shati, wakaondoka. Mimi nilikuwa nimelikalia lile koti miezi mingi na sikuwahi kuliona hivi, nikiwa pembeni. Nikamsikia baba akipunguza mwendo kwenye mawe ya kwanza, akiuliza, na bibi akajibu kitu kilichomfanya acheke.

Alifika kwa bibi Alhamisi ile, na Alhamisi nyingine nyingi kwa miaka kadhaa. Alipoacha kuendesha aliacha mwenyewe, kwa hiari, na bomba nikalifungua mimi nikaja nalo mjini. Kile kipande cha kopo bado kimelizunguka.

Lakini kabla ya hapo, asubuhi moja, bibi alifariki. Baba ndiye aliyemkuta. Mbuzi walikuwa bado hawajatolewa bandani, na chai ilikuwa ya moto kwenye birika, vikombe viwili vimewekwa mezani. Alimfumba macho, akakaa naye, ndipo akashuka kuwaita watu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.